Toleo la Pili

...la nne limeshazibwa, la tatu kiraka chake kiko tayari, limebaki la pili, toleo la programu yetu aliloliandika mume wangu, kisanduku chake kwenye jedwali kitupu kinanitazama, lina tundu la kuingilia wadukuzi au ni salama, neno moja tu, mwaka jana lilipopatikana tundu jingine niliandika salama bila hata kulifungua faili lake, na mwaka juzi vilevile, mwezi ule tuliomzika, nani angeniuliza... "Dada, bado upo?" Bi Makosa huyo kwenye simu, jina tulilompa ofisini kwa kuwa hakuna kosa linalompita, nipo, namwambia, namimina chai, na chai iko mbele yangu imeshapoa, huo uongo mdogo, mkubwa uko kwenye jedwali, "La pili umelipima?" nilipime vipi, mtu mwenyewe alikuwa akiandika vijineno katikati ya msimbo wa programu kama anazungumza na aliye jikoni, leo joto, hapa nimesinzia, nikifungua nitamsikia, na zahanati kumi na moja bado zinalitumia, kompyuta zao kongwe hazibebi jingine, majina ya watoto waliochanjwa, namba za mama zao, yote nyuma ya mlango niliosema umefungwa kumbe sijausukuma, nimejitia hamnazo, jamani mimi... "Hilo limekula chumvi nyingi, dada, tuandike hatulihudumii tena, yaishe," anasema kwa upole, naye alimpenda, nani hakumpenda, na marehemu alimwamini kila mtu, ndiyo shida yake, hakudhani kuna atakayeingiza jina refu makusudi ili avunje mlango, yaishe vipi, wale watoto wataishia wapi... kidole kimeshabonyeza, faili limefunguka, nashuka, leo joto, hapa nimesinzia, nacheka na machozi yananitoka, nashuka tena, ni hapa, tundu lilelile, na juu yake ameandika: urefu wa jina sijaupima, namwachia mke wangu, mimi nikigusa nitaharibu... mvivu wewe, mvivu wangu, muda wote huu umenikalia hapa unaningoja na mimi napita mbali, "Dada?" nipo, lina tundu, namwambia, lilelile la yale mawili, nipe hadi mchana, na chini ya maneno yake, kabla sijagusa kitu, naandika, nimeona, samahani nimechelewa.