Ndago ya Dembo

Estelle, mtaalamu wa mimea kutoka Lubumbashi, alikuwa ameitafuta ndago ile miaka minne na kuipata mahali pawili tu, pote pawili kando ya mto Lufira. Mahali pa tatu nilipaona mimi, msaidizi wake, siku ya Jumanne, katika dembo lililo nyuma ya mtaa wa Shituru. Ni bonde la maji lisilo na jina. Ndani yake vilisimama vichwa vyeupe kwa mamia, vidogo kama vifungo vya shati, na kila shina lilikuwa na pembe tatu. Nilikata shina moja, nikalibana kati ya magazeti, nikaandika mahali na tarehe.

Kisha nikaenda sokoni Kikula kujisifu. Mbele ya watu, kaka yangu Rolly akiwemo, nilisema ndago ile haioti pasipo shaba, na kwamba katika mji mzima wa Likasi ni mimi tu niliyeiona. Nikataja na Shituru. Rolly ni mchimbaji, na wachimbaji wetu husoma majani: wakikuta ua fulani mlimani, wanajua jiwe la kijani lenye shaba liko chini. Hakuniuliza kitu. Alininunulia soda.

Alhamisi asubuhi nilirudi kumhesabia Estelle mashina. Nusu ya dembo ilikuwa imekanyagwa. Katikati palikuwa na shimo, na rafiki wa Rolly, Évariste, alikuwa akivuta gunia la tope kwa kamba.

"Petit wa madame amekuya," Évariste alisema. "Andika na sisi mu magazeti yako ya majani."

Nilichungulia. Rolly alikuwa chini, zaidi ya kimo cha mtu, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kuta zilikuwa zinatoa jasho.

"Yaya, toka," nilimwambia kaka yangu.

"Weye mwenyewe ulisema. Bila shaba haioti."

"Nilisema kuko shaba mu udongo. Sikusema kuko jiwe."

"Sasa unarudi nyuma."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa mimi sirudi nyuma. Niling'oa ndago moja na mizizi yake, nikamshikia juu ya shimo.

"Angalia. Muzizi ni urefu wa kidole. Haiyui hata kitu kiko chini ya magoti yako. Imejipanga mustari moja, inafuata maji. Pembeni kule ni majani ya kawaida tu. Shaba inaletwa na maji, inabaki hapa juu mu tope. Huko chini ni udongo mweupe, hakuna kitu."

"Professeur," alisema Rolly, na kupiga sepetu tena.

Donge kubwa kama kichwa cha mbuzi lilimeguka ukutani likaanguka nyuma yake. Hakugeuka. Évariste aliacha kutabasamu.

Nikaruka ndani.

"Una wazimu?" Rolly alinikamata shati.

"Unabaki, nabaki. Évariste, ni weye utaenda kumwambia Mama Philomène."

"Minye?" alisema Évariste, akijigusa kifua. "Mama yenu? Hapana. Bora niingie na minye."

Rolly alinipiga kofi. Sikusogea. Maji yalikuwa yamefika nusu ya miundi, na kuta zilianza kutoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Rolly aliisikia. Alinitazama kwa chuki kweli, kisha akanishika kiunoni na kunisukuma juu, na Évariste akanivuta kwa kamba. Tulimvuta yeye baadaye, sote wawili, tumelala kifudifudi juu ya ndago. Miguu yake ilikuwa bado inaning'inia shimoni ukuta ulipoporomoka taratibu, bila kishindo. Sepetu ilibaki chini.

Tulikaa kwenye tope. Évariste alikuwa anajihesabu vidole.

Rolly alifuta uso. Aliutazama mstari wa vichwa vyeupe, mahali ulipoanzia, akaufuata kwa macho, polepole, hadi ulipopotea kwenye kilima juu yetu.

"Kumbe," alisema. "Maji inatokea kule."

Alikwisha kusimama.