Nusu na Robo

Sanduku la bati lilikuwa jipya, na kona yake ilimchoma Paskalia kichwani hata juu ya ngata. Mvua ilikuwa imenyesha kijijini Didia tangu alfajiri, na udongo mweusi ulimganda miguuni. Mbele yake Generosa alitembea ameshika viatu vyake vyeupe mkononi, visichafuke. Paskalia hakuweza kuacha kuvitazama.

Katika mtihani wa darasa la nne Paskalia alikuwa wa kwanza, Generosa wa sita. Shule ya kati ya wasichana ilitoa nafasi moja, na fomu ilitaka sahihi ya mwanangwa, mkuu wa kijiji. Mwanangwa alikuwa Maduhu, baba yake Generosa. Mama alikwenda kupiga magoti uani kwake mara tatu.

"Mama Paskalia, mwanao ana akili, nani anakataa?" Maduhu alimwambia. "Lakini nafasi ni moja, na mimi nina binti." Akacheka. "Basi ambebee mwenzie sanduku. Naye aione barabara ya Shinyanga."

Barabarani wakaketi kungoja lori la Lalji, mfanyabiashara wa pamba.

"Paska, nielekeze tena zile hesabu za sehemu. Kesho Sista anatupima. Watakaofaulu watafundishwa hesabu za juu. Wengine kushona."

"Mwalimu Donatus si alikuelekeza?"

"Yule anafoka tu. Wewe ndiye ninayekuelewa."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. Paskalia akaokota kijiti, akaandika kwenye matope nusu, kisha robo.

"Jumlisha juu kwa juu. Halafu chini kwa chini."

"Mbili juu ya sita. Kumbe rahisi hivi!" Generosa akavaa viatu.

Mwezi uliofuata Mwalimu Donatus aliwasomea wazazi barua kutoka shule ile. Paskalia alikuwa nje ya dirisha, akimimina maji kwenye pipa.

"'Binti mliyemleta kama bora wenu hajui hata kujumlisha nusu na robo. Atasoma ushonaji na upishi. Kuanzia mwakani nafasi yenu itapewa kijiji kingine.'"

Ikafuata sauti ya Maduhu: "Kushona kunatosha. Ng'ombe wa mahari hawapunguzwi na hesabu."

Wazazi wakacheka pamoja naye.

Jioni mdogo wake Mageni, aliyeingia darasa la nne mwaka huo, alimletea kibao na chaki.

"Dada, nifundishe sehemu. Safari hii nafasi ile ni yangu, hata mwanangwa akatae."

Paskalia akaandika nusu. Akaandika robo. Kabla hajainua mkono, Mageni akasema, "Robo tatu."

Paskalia akabaki akiitazama ile nusu na robo.

"Si sawa, Dada?"

"Ni sawa."

"Basi nipe ngumu zaidi."

Akafuta kibao kwa kiganja, akampa ngumu zaidi.