Mchumba Asiyetoa Moshi

Kitu cha kwanza Idman alichokiona ni moshi. Kila mtu kwenye filamu alipofungua kinywa, moshi mweupe ulimtoka, mwembamba kama wa chai ya asubuhi. Mmoja tu hakuwa nao: bwana mrefu mwenye koti jeusi, aliyesimama mlangoni mwa nyumba ya watu.

Kazi ya Idman katika banda la video, kwenye kambi ya wakimbizi ya Hagadera, ilikuwa kufagia na kugawa chai, na hata chai aliigawa akitazama chini. Lakini alasiri ya wanawake, siku yao ya kutazama filamu, aliisubiri wiki nzima.

Aliyekuwa akisimulia leo ni Habaryar Jawahir, mdogo wa mama yake, mwenye banda. Filamu ilikuwa ya lugha ya kigeni, na Abdihafid, kijana aliyezoea kuwasimulia kwa Kisomali, alikuwa ameenda Garissa kuoa. Jawahir alikishika kipaza sauti mwenyewe. Mumewe, Abdille, alikwisha sema: wanawake wakiondoka leo kabla ya mwisho, alasiri hiyo itakuwa ya mpira wa wanaume.

"Huu ni mji wa mbali," Jawahir alisimulia. "Barabara zimezibwa na unga."

"Unga?" akauliza mama mmoja. "Sisi tumepunguziwa mgao, wao wanaumwaga njiani?"

Banda zima likacheka.

"Basi ni theluji. Na watu wa huko wote wanavuta sigara. Huyu mrefu ni mchumba, amekuja kuposa."

"Posa gani ya usiku, bila wazee?" akasema Hamda, muuza maziwa. "Na salamu hakutoa."

Mchumba akamwinamia mzee mwenye nyumba, akamng'ata shingo.

"Wana ugomvi kidogo," Jawahir akasema polepole. "Wa mahari."

Hamda akaona hadithi haina kichwa wala miguu, akajitanda shuka yake, akainuka. Wengine wakaanza kutafuta viatu. Idman alikuwa mlangoni, akaona alasiri zake zinampita hivi hivi.

"Si mchumba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini Hamda alikuwa karibu. "Mtazameni kinywa. Wenzake wana joto ndani, ndiyo maana baridi inawatoa moshi. Yeye hana. Huyo ni maiti, anaishi kwa damu ya watu."

Hamda akageuka. "Wallahi, kweli hana. Na yule mwenye duka?"

"Anatoa."

"Yule mwalimu?"

Idman akatazama kwanza. "Mwanzoni alikuwa akitoa. Sasa hatoi."

Wanawake wakarudi mikekani kwa kishindo, wakashikana mikono. Jawahir akamsukumia Idman kipaza sauti. Idman akajificha nyuma ya pazia, akasimulia kutoka huko, huku wenzake wakimkaripia binti wa filamu asifungue mlango, na Hamda akiapa kwamba anayekunywa damu hakupita madrasa.

Abdille alipokuja na wanaume wake wa mpira, aliambiwa na sauti kumi kwa pamoja akae nje asubiri. Hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho.

"Umetuokoa, binti yangu," Jawahir akasema, akivuta pazia. "Abdihafid akirudi utapumzika."

Kila siku, akifagia kati ya mikeka, Idman alilisema neno moja moyoni, na kila siku alilimeza.

"Sitaki kupumzika, habaryar," akasema. "Nataka kusimulia mimi."