Wenye Midomo ya Ganzi

Mkemia alikuwa akisuuza vibamba vyake vya kioo vya kupimia dawa kwenye sinki la maabara, mikono imejaa povu, marehemu wa kwanza alipopiga hodi. Alikuwa mzee mwenye koti pana, kiatu kimoja hakina kamba. Alitaka kusema jambo, lakini midomo ilikuwa na ganzi na mate yakamchuruzika kidevuni, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mkemia akampa kitambaa na kumwonyesha benchi la koridoni.

Kufikia chai ya asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Mfagiaji alinung'unika kwamba wanamzuia kupiga deki, nao wakainua miguu kwa adabu. Kila mmoja alishika chupa ya dawa ya viungo inayotengenezwa palepale kiwandani, na kwenye kila chupa palikuwa na picha ya mama yake mkemia, anatabasamu.

Dawa ilikuwa ya mama. Miaka nenda miaka rudi alichemsha mzizi wa porini jikoni kwake tangu asubuhi hadi jioni, kisha akachovya kidole na kugusa mdomo. Mdomo ukifa ganzi, sufuria inarudi motoni. Hakuwahi kumdhuru mtu. Binti yake alipopata kazi kiwandani, ndiye aliyempeleka mama kwa meneja, kifua mbele. Kwenye vibamba vyake alikuwa ameona kemikali ya mzizi ule inayoua, na ameona kwamba ikikaa motoni vya kutosha huvunjika na kuwa ileile inayotuliza maumivu. Meneja alifurahi sana. Baadaye akaagiza mapipa yaepuliwe saa sita mchana, gesi isiliwe bure.

Mkemia akachukua tone la mate kwa kila marehemu. Kwenye kibamba doa lilitokea palepale alipolitarajia, sumu nzima, haijavunjika. Akaenda kwa meneja.

“Wamejaa benchi, bosi.”

“Basi tuongeze benchi. Watu wazima wale, haifai wasimame.”

“Shida ni moto. Tunaepua mapema.”

“Moto nitauangalia.”

Hakusema lini, na mkemia hakuuliza. Jioni alimkuta mama akimenya vitunguu, akamwambia kazi inakwenda vizuri. Roho ilimuuma. Mama hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya jina lake, na watu walikuwa bado wanamsimamisha njiani kumshukuru.

Kesho yake mama akaja kiwandani mwenyewe, ameshikwa mkono na yule mzee wa kiatu kisicho na kamba. Mzee alikuwa amechoka kusubiri, akaenda kuulizia nyumba ya mama kwa kuonyesha picha ya kwenye chupa. Mama akapita mbele ya benchi polepole, akimgusa kila mmoja mdomo kwa kidole. Walimwachia.

“Mwanangu, mnaepua saa ngapi?”

“Saa sita, mama.”

“Ulijua?”

“Nilijua. Nilimwambia meneja.”

“Ulimwambia mara moja?”

Mkemia akatangulia kumfungulia mlango wa meneja.

Meneja alimpokea mama kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chake, akamwagizia soda. Mama akasema wachemshe hadi jioni, au wamwondoe usoni mwa chupa. Meneja akaandika yote mawili na kumsindikiza hadi mlangoni. Chupa mpya zilipotoka, picha ilikuwa ileile, ila mama alikuwa amepunguzwa makunyanzi.

Siku hizi mama huja kila asubuhi na kukaa mwisho wa benchi la pili, ambalo nalo limeshajaa. Huwafuta wenzake videvu. Saa sita, mapipa yakishaepuliwa, huingia kule yanakopoa, akachovya kidole, akagusa mdomo. Kisha hupita mlangoni kwa binti yake na kumwambia neno, lakini midomo inakuwa imeshakufa ganzi, na neno linatoka limepondeka, haliokoteki.

“Ndiyo, mama,” mkemia humjibu.

Mama husimama kidogo, kama mtu anayengoja mengine, halafu hurudi kwenye benchi. Mkemia huvuta katoni inayofuata na kuigonga muhuri: Imepimwa, ni salama.