Bluzi ya Papa Pontien

Siku Papa Pontien, msaidizi wa daktari wa mifugo, alipofariki, bluzi yake, koti jeupe la kazi, ilibaki kwenye msumari, karibu na meza ya kupasulia wanyama. Alikuwa amesema anatoka kidogo kunywa chai. Moyo ulisimama kabla hajafika barabarani.

Mkewe, Mado, ndiye msafishaji wa kliniki ile ndogo ya mifugo hapa Kalemie. Katika ukoo wao nguo ya marehemu haifuliwi mpaka matanga yaishe, siku arobaini. Hakuna aliyeigusa bluzi isipokuwa yeye. Kila asubuhi aliushika mkono wa bluzi, akaunusa: jasho, tumbaku, mbuzi. Kisha akapanga mikasi na nyuzi kwenye sinia la chuma.

Wiki ya tatu vidonda vya wanyama vilianza kuoza. Mbwa mmoja akafa, halafu mbuzi wawili.

Siku ya ishirini na sita Mama Amina alileta mbuzi wake, mtoto amekwama tumboni. Nyumbani kulikuwa na mjukuu aliyefiwa na mama, akingojea maziwa ya mbuzi huyo.

"Dokta, ukimuponya, mutoto wake nitamuita jina lako."

"Mutoto wa mbuzi aitwe Éliane?" daktari aliuliza, akinyoa manyoya ya tumbo.

"Sasa wa nani? Mimi nilishamaliza kuzaa!"

Éliane alicheka, kisha akamvuta Mado pembeni. "Mama Mado, nikimupasua leo, kidonda kitaoza kama vya wenzake. Vyombo tunachemsha. Toka Papa atuache, nini kimebadilika humu?"

Mado aliitazama mikono yake.

"Ni mimi, Dokta. Ninashika bluzi yake, kisha ninapanga vyombo."

Éliane aligeuka kuitazama bluzi.

"Zimebaki siku kumi na ine," Mado alisema.

Mbuzi akalia. Mado akaitoa bluzi msumarini, akaenda nayo uani, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya sabuni yanayotokota. Harufu yake ilipanda na mvuke. Aliinama juu yake mpaka ikabaki ya sabuni tu. Kisha akanawa, kucha hadi viwiko, akachemsha upya kila chombo.

Siku ya kumi baada ya upasuaji kidonda kilikuwa kimekauka. Mtoto wa mbuzi anaitwa Éliane, ingawa ni dume.

Sasa bluzi zote za kliniki huchemshwa kila jioni. Ya Papa Pontien anaivaa Mado, mikono imekunjwa mara mbili.