Lengo la Mvua la Griftu

Wallahi, haya ni kweli tupu. Niliyaona kwa macho haya, kabla mtoto wa jicho hajaja kupanga humo.

Warfa alikuwa amechutama nyuma ya ofisi yake ya hali ya hewa pale Griftu, akichungulia kipima mvua kama mtu anayechungulia kisima cha watu waliohama. Mwaka tisini na sita huo. Mbingu zimepauka kama kanzu iliyofuliwa mno.

"Waryaa Warfa, umeongeza kiasi gani?" Afisa Diriye, niliyemwendesha kutoka Garissa akague malengo, alisimama na chupa ya maji mkononi.

"Nimeongeza nini, afisa?"

"Waraka unasema kila idara iongeze mazao kwa sehemu ya kumi. Mifugo wameongeza chanjo. Elimu wameongeza madawati. Mazao yako wewe ni nini?"

"Mvua."

"Basi ongeza mvua! Kituo kisichofika lengo kinafungwa, na wewe unaenda kufukuza nzi."

Warfa akacheka. Diriye hakucheka. Alifungua chupa, akaimimina yote ndani ya kipima. "Hiyo sasa ni mvua. Kaisome."

Kila asubuhi Warfa alisoma kipimo kwenye redio ya polisi. Kufika mchana idhaa ya Kisomali imeshakitangaza. Na wafugaji, ambao ngamia wao wa kutumwa mbele kutafuta malisho walikuwa mifupa mitupu, walihama kwa kuifuata sauti hiyo.

Warfa akashika maikrofoni, akafumba macho. Akamwona eedo Amino, shangazi wa watu wote wa upande ule, na ngamia wake wakija ndani ya vumbi jeupe, polepole, kama wanaogelea, wanakuja kunywa chupa ya Diriye. Akamwona pia mkewe Lul akifunga vyombo, anatoka nyumba ya serikali.

"Griftu, soma! Griftu!" redio ikaita.

"Mvua hakuna," Warfa akasema. "Ndani ya kipima kuna chupa moja. Ya afisa."

"Rudia, Griftu?"

"Chupa. Moja."

Vituo vyote vikacheka, kutoka Mandera mpaka Balambala.

Eedo Amino hakuhama. Kituo kikafungwa kabla ya Ijumaa. Tukapakia kipima nyuma ya Landrova kukirudisha Garissa, na hapo ndipo Mungu alipoonyesha: kiwingu kimoja, kilichokizoea kipima kile, kikatufuata kama mwanambuzi anavyomfuata mamaye, kikinyesha juu ya boneti yetu tu, njia nzima. Nikafungua waipa...

"Waipa gani, walaal?" Sauti ilitoka mwisho wa benchi la kibanda cha chai tulimokaa, kwa mzee mfugaji aliyekuwa akipitisha ngamia wake hapa mjini Garissa. "Landrova yako haikuwa na waipa. Mimi Warfa nilikaa nyuma, nimekumbatia kipima. Vumbi mpaka kooni."

Kibanda kizima kikalipuka. Timiro, mwenye chai, akaweka mkono kiunoni. "Haya, mzee wa kweli tupu! Walipie watu."

Nikalipa, bilauri zote.

"Na eedo Amino je?" nikamuuliza Warfa, angalau nifiche aibu.

"Alinipa ngamia jike mwaka ule ule," akasema. "Hao nje ni watoto na wajukuu wa jike huyo."

Akainuka. Nje, ngamia wakanyanyuka mmoja mmoja, wakamfuata kuelekea mtoni katikati ya magari na kelele za soko, na nyayo zao hazikuwa na sauti kabisa.