Koti la Manjano la Klara

Naanza kwa jina la Muumba mwenye kutia sura, aliyewapa waja mikono ya kuiga, asiwape pumzi ya kuhuisha. Kwake hurejea kila rangi na kila uso.

Watu wa kisa hiki ni watatu, na mmoja wao ni marehemu. Wa kwanza ni Tadeusz Wolanski, mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Youngstown, aliyekwenda New York kuchora akiwa na koti moja. Wa pili ni mkewe, Verna, aliyemtayarishia turubai, kile kitambaa cha pamba cha kuchorea. Wa tatu ni binti yao Klara, aliyechukuliwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita.

Verna aliijua kazi yake. Kila turubai aliiwamba, akachemsha gundi ya ngozi ya sungura katika sufuria ya bluu, akaipaka mara mbili. Kwani mafuta ya rangi yakigusa pamba tupu huila polepole, kama kutu ilavyo chuma. Lakini majira ya baridi yale, Klara akiwa kaburini hata mwezi haujatimia, Tadeusz alitaka rangi izame katika uzi wenyewe.

"Nyumba inanuka kama machinjioni," alisema. "Nilioa mke au mpika supu ya sungura?"

"Supu hiyo ndiyo inayokulindia kazi, bwana wee. Bila gundi kitambaa kitaoza."

"Kitaoza tukishakufa. Epua sufuria."

Verna akaepua, maana aliyesema alikuwa baba aliyefiwa.

Akamchora Klara amesimama kizingitini na koti lake la manjano. Picha ile ilimtoa gizani: magazeti yalimtaja, matajiri wakaigombania, naye akakataa kuiuza. Asubuhi moja Verna alikuta jikoni majivu ya picha zote za kamera za mtoto. Tadeusz alimweleza kwa upole kwamba kamera humwiba mtu, naye amemrudisha. Verna akaenda kuitazama turubai. Kweli, mwanawe alikuwa pale, na kidoti chake shavuni. Akarudi jikoni, akayazoa majivu.

Miaka arobaini ikapita. Mtindo ukageuka, wenye majumba ya maonyesho wakaacha kujibu barua, wiski ikamtetemesha mkono. Wakarudi Youngstown, viwanda vimekwisha kufungwa. Klara wa turubai akaelekezwa ukutani katika chumba cha nyuma, amefunikwa shuka, kwa kuwa baba yake hakuweza tena kutazamana naye.

Ndipo jumba moja la makumbusho likaandika kwamba litaonyesha kazi zake zote, na Klara atatundikwa mlangoni. Siku ya kuja mkaguzi, Tadeusz alinyoa ndevu.

Mkaguzi, Bi Pruitt, akaondoa shuka. Nyuma, kitambaa kilikuwa cha kahawia kama chai iliyokolea. Alipokigusa pembeni kwa ncha ya kidole, kikakatika.

"Kilipakwa gundi hiki?"

Verna akainamisha macho. Mzee angeweza kumtwika yeye lawama.

"Mke wangu alitaka," alisema Tadeusz. "Mimi nilimkataza."

Bi Pruitt akasema labda ataokoa kiasi, wakiilaza taratibu mno. Wakashika pembe. Ilipoinama, uzito wa rangi ukaupasua uzi uliooza. Uso wa mtoto ukamwagika sakafuni vipande vipande. Koti peke yake likabaki.

Verna alileta sufuria ya bluu, akapiga magoti, akaokota. Mumewe alikuwa ameketi juu ya kitanda.

"Verna, kile kidoti kilikuwa shavu lipi?"

Mkono wa Verna ukasimama. Akatafuta moyoni alikokuwa akimwona mwanawe kila siku, akakuta turubai tu, nayo haipo.

"La kushoto," akasema, ingawa hakuwa na hakika.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Verna akaendelea kuokota.

Ewe Mola usiyesahau uso hata mmoja, wahurumie wawili hawa waliobaki, na kila aliyebaki nyuma ya mpenziwe. Uwahifadhie Wewe kile ambacho mikono yao haikuweza kukihifadhi. Amin.